Mustari wa vernis haukusogea, lakini gari ilishuka (mrejesho wa zile amortisseur za kurekebisha)

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni yule binti wa Butembo aliyewasumbua hapa na maswali ya amortisseur, ile ninyi wa Tanzania munaita shokabu. Mulinijibu vizuri. Wengine mulinicheka, eti binti wa humanités, wa sekondari, anatafuta nini chini ya gari. Nikazima simu siku mbili kwa haya, kisha nikarudi kusoma majibu.

Leo nimekuja na mrejesho. Haya yote niliyaandika kwanza ndani ya cahier yangu, daftari la shule, siku ileile, mkono ukiwa bado na grisi. Hapa nanakili tu. Sijaongeza chumvi, na pale niliposema uongo nitawaonyesha ni wapi.

Munisamehe, Kiswahili yangu ni ya Congo. Nitajaribu ile ya darasani, lakini watu wakiongea nitaandika vile walivyoongea.

Gari ni Corolla ya Papa, ya zamani kunizidi. Inafanya njia ya Butembo na Beni, inabeba abiria na mizigo. Kwa kuwa ni ya zamani, nyuma ilikuwa imechoka. Ukiweka watu watatu na gunia mbili, tairi inaanza kulamba bati.

Kwanza nilidhani Papa anataka amortisseur mpya kwa ajili ya abiria tu.

Siku moja tulikuwa tunaosha gari, nikamuuliza, "Papa, mbona unatafuta za nyuma tu?"

Akamwaga maji mpaka ndoo ikaisha. Kisha akasema:

"Siku ile batu balikimbia bunduki, nilikuwa natoka Beni. Gari ilijaa, nyuma iko chini kabisa. Kwa kile kijiji, balikuwa batatu pembeni ya njia. Mama moya, muzee na fimbo yake, na katoto. Yule mama alishika kwa mulango. Nikamuambia, mama, tairi inakwaruza, siwezi. Nitarudi."

"Ulirudi?"

"Njia ilifungwa. Nilipopita tena, hapakuwa mutu."

Kijiji sitakitaja jina. Watu wa njia hii watakijua.

Halafu ikaja habari ya Yaya Katungu. Ni dada yangu mkubwa, ameolewa Beni, commune ya Bungulu. Mume wake ni mwalimu upande wa Mabalako, na njia ya kutoka kule ilikuwa imekatika. Yaya alikuwa peke yake na mimba ya miezi minane. Bunduki zilisikika karibu kila siku, na centre de santé yao, kituo cha afya, ilikuwa imefungwa. Muuguzi aliyemwona mara ya mwisho alimwambia asafiri mapema, na asirushwe-rushwe njiani. Aliwahi kupoteza mimba moja.

Ndiyo maana nilikuja hapa kuuliza. Gari ngumu ingemrusha Yaya. Gari laini ingelala nyuma, ikwaruze, ikwame pale ambapo hapana mtu anataka kukwama.

Sasa nieleze uchaguzi, maana najua kuna mtu humu amefungua uzi kwa ajili ya hiyo tu.

Tuliona aina tatu.

Ya kwanza ni mifuko ya hewa, unaingiza ndani ya resori, ile springi. Inapanda vizuri. Lakini Fundi Paluku, ambaye anatengeneza gari yetu tangu mimi niko mdogo, alicheka: "Jiwe moya tu, mufuko inakufa. Kule njiani nani atakupa hewa? Maï-Maï?" Hao ni wanamgambo wa msituni.

Ya pili ina kifungo cha kuzungusha juu. Unahesabu tik, tik, tik, inakuwa ngumu au laini. Nzuri kwa mashimo. Lakini haipandishi gari hata kidole kimoja. Wakuu, hapa wengi tunakosea: amortisseur haibebi uzito. Inatuliza tu. Resori ndiyo inabeba.

Ya tatu ina kifungo na pia ina pete. Resori imekaa juu ya pete, pete inazunguka kwenye meno kama parafujo. Ukiipandisha, gari inapanda. Chini yake kuna pete ya pili ya kukaza, ili ile ya kwanza isiteremke yenyewe.

Tulichukua hiyo ya tatu, occasion, yaani mtumba, iliyopita mpaka wa Kasindi kutoka Uganda. Bei musiulize, Mama bado hajafurahi.

Fundi aliuliza swali ambalo wapya hawataelewa: "Unataka niinue sana, ili kwa barrière ionekane tupu?"

Huku kwetu wenye silaha kwenye barrière, vile vizuizi vya njiani, wanasoma gari kwa nyuma. Ikilala, wanajua umebeba. Kuna madereva wanainua nyuma sana ili gari iliyojaa ionekane haina kitu.

Papa akasema, "Hapana. Weka sawa tu. Lakini nipate nafasi ya kupandisha, siku moya ikihitaji."

Fundi alikaza. Nilimwona kwa macho yangu, alikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kisha nikafanya kile mkuu mmoja humu alinifundisha: nikachukua vernis nyekundu ya Mama, ya kucha, nikachora mustari mmoja unaoshuka kutoka pete ya juu, pete ya chini, mpaka kwenye chuma. Kulia na kushoto. Pete ikizunguka hata kidogo, mustari unakatika. Haiwezi kukudanganya.

Muushike huo mustari, tutaurudia.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila asubuhi, na latte yangu ya shule, yaani rula, natoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bati, naandika. Siku kumi na moja, namba ileile. Nilijisikia kama nimezaa.

Siku ya safari Papa alisema twende wote wawili. "Wewe ndiye unajua manamba yako."

Kwenda hakukuwa na shida. Tulipita kile kijiji gari ikiwa tupu, na haikufanya kitu.

Lakini kijiji chenyewe, wakuu. Milango wazi. Kakao ilikuwa imeachwa juu ya bâche, turubai la kuanikia, imeota ukungu mweupe kama nywele. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimechujuka upande mmoja tu, ule wa jua. Hapakuwa na kuku. Sikujua kwamba kijiji bila kuku kinaweza kukufanya ushikwe na baridi saa nne za asubuhi.

Papa hakuangalia pembeni.

Bungulu tulimkuta Yaya amekaa juu ya valise yake ya nguo, mlangoni, viatu tayari. Aliponiona alisema, "Kumbe na wewe umekuja, bubu yangu!" Ndivyo ananiita, kwa vile siongei. Akaingia nyuma peke yake, akaweka mto pembeni. Valise moja na kikapu ndani ya coffre, buti ya nyuma, basi.

Nilipima. Ilishuka kidole kimoja na nusu. Sawa kabisa kwa mtu mmoja na mizigo yake. Nikaweka kifungo laini, tik tatu kutoka mwisho.

Yaya alisema, "Ii, Papa, gari imekuwa kitanda." Baada ya muda akaanza kusinzia.

Tulikikaribia tena kile kijiji. Papa alipunguza mwendo kwa sababu kuna shimo refu pale mwanzoni. Tulipita shimo. Njia ikawa sawa.

Hapo gari ikashuka.

Si kuruka. Si kugonga. Ilishuka polepole nyuma, vile inavyoshuka mtu akikaa. Ikatulia.

Ikashuka tena.

Kisha mara ya tatu, kidogo sana. Nyepesi.

Niligeuka. Yaya alikuwa amefumba macho. Bila kufumbua, alikunja pagne yake ya kitenge karibu na magoti, akasogea mpaka mlangoni, akavuta na mto wake. Kama unavyofanya ndani ya taxi wengine wakiingia.

Papa alikuwa anatazama rétroviseur, kile kioo cha kuonea nyuma. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Kisha tukaisikia tairi. Krrr. Inalamba bati. Harufu ya mpira ikaingia ndani.

Papa alisimama baada ya nyumba ya mwisho. Hakuzima moteri.

"Shuka," alisema polepole, asimwamshe Yaya. "Angalia mustari yako. Kama pete imeteremuka, sawa. Kama hapana..."

Nilimwelewa. Kama hapana, angegeuza gari. Nilimwona tayari mkono wake uko juu ya vitesse, kwenye gia. Angerudi Beni, kwenye bunduki na centre iliyofungwa, au angetutoa ndani ya gari tukimbie kwa miguu, na Yaya yuko hivyo.

Nililala chini, nikawasha taa ya simu.

Kushoto: mustari mzima. Mwekundu, umenyooka, kama nilivyouchora.

Nikatambaa kulia. Mzima.

Resori zilikuwa zimeminywa kama zimebeba mashine ya kusaga. Niliweka latte. Vidole vitano chini ya namba ya Bungulu.

Wakuu, nilibaki pale chini labda dakika moja. Nilikuwa naviona viatu vya Papa kando ya tairi. Alikuwa ameshuka. Kisigino kimoja kilikuwa kinapiga-piga ardhi, kinapiga-piga, bila yeye kujua. Na kitu kingine niliona, nikiandike tu: kwenye vumbi, kando ya mlango wa nyuma, hapakuwa na alama yoyote. Sijui nilitaka kuona nini.

"Imezunguka?" Papa aliuliza.

Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiniuliza jina langu nameza mate kwanza. Lakini sauti ilitoka safi kabisa.

"Ndiyo, Papa. Imezunguka. Zote mbili. Fundi hakukaza."

Kisigino kikatulia.

"Pumbavu yule," alisema. Lakini aliisema kama mtu anayeshukuru. "Lete kriki."

Ndio uongo wangu, huo hapo.

Papa alipiga kriki, ile ninyi munaita jeki. Gari aliyozoea kuinua kwa mkono mmoja ilimtoa jasho. Mimi nilichukua ufunguo wa ndoano, yaani spana, ule uliokuja ndani ya karton pamoja na pete, nikalegeza pete ya kukaza. Ilikataa. Ilikataa sana, kwa sababu Fundi alikuwa ameikaza kama mwanaume. Nilisukuma na mguu. Mustari wangu ukakatika pale, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikapandisha mizunguko minne kushoto, minne kulia. Nikakaza.

Kriki iliposhuka, gari ilikaa sawa. Haikukwaruza. Na nikaweka kifungo tik mbili zaidi, kwa sababu ya uzito.

Ndiyo, niliandika hivyo ndani ya cahier: "kwa sababu ya uzito."

Tukaenda.

Mbele kulikuwa na barrière. Askari mmoja mrefu alikuja, hakuangalia karatasi. Alienda nyuma. Akainama, akatazama resori, nadhani aliona zimeminywa. Akarudi dirishani.

"Bozali bato boni?" Akatuona hatujui Lingala vizuri, akasema, "Muko bangapi?"

"Batatu, chef," Papa alijibu.

"Batatu? Mimi niko hapa miezi saba naangalia magari. Hii inasema sita. Fungua nyuma."

Papa alifungua. Valise, kikapu. Askari akapiga kiti kwa kiganja, akapiga sakafu kutafuta mahali pa kufichia. Kisha akafungua mlango wa nyuma, ule upande ambao Yaya hakukaa, akaingiza kichwa.

Alikitoa haraka.

Aliangalia kiti kile kitupu. Akamwangalia Yaya, amelala, amebanwa mlangoni na nafasi yote ile pembeni yake.

"Mbona yeye anakaa hivyo?"

Papa alirudi kwenye usukani wake.

Askari akafunga mlango polepole, kwa mikono miwili, vile unavyofunga mlango watoto wakilala. "Muende," alisema. "Muende tu." Hata hela za fanta hakuomba. Kwa njia hii, hilo peke yake ni muujiza.

Tulipoingia Butembo jua lilikuwa bado liko juu. Papa hakupita njia ya nyumbani. Alipanda kilima mpaka kwenye kiwanja cha kanisa moja, pale ambapo badéplacés, watu waliokimbia vijiji vyao, walikuwa wanalala. Akasimama, akazima moteri.

Nilidhani ana mtu wa kuona. Hakushuka. Alishika usukani mikono miwili, akasema kwa sauti, kama anavyowaambia abiria:

"Tumefika."

Watoto wa pale walikuwa wanacheza na chupa, wakaacha.

Gari ikapanda. Kidogo kwanza, ile nyepesi. Kisha tena. Kisha tena. Nyuma ilikaa juu kama panzi, kwa sababu ile mizunguko minne ilikuwa bado ipo.

Yaya akaamka. "Aa! Gari inafanya nini?"

"Resori," Papa alisema.

"Nimelala muzuri," Yaya akasema, anajinyoosha. "Kulikuwa joto muzuri, upande huu."

Alijifungua siku nne baadaye, msichana, salama. Ana sauti kuliko mimi.

Sasa ile sehemu iliyonileta hapa.

Papa aliushika uongo wangu kama fimbo. Kwa madereva wenzake alisema, "Paluku hakukaza pete, nusura atuue na mutoto wa tumboni." Madereva ni watu wa kusikia. Karakana ya Fundi ikaanza kuwa tupu. Zile gari zilizokuwa zikipanga foleni asubuhi zilienda kwa mwingine.

Fundi alikuja nyumbani. Mimi ndiye nilifungua. Alikuwa ameshika ufunguo wake wa kazi kwa mkono, sijui kwa nini, labda alisahau kuuacha.

"Mutoto," alisema, "uliniona nakaza. Ulichora rangi juu ya kazi yangu. Sema tu mbele yangu: rangi ilikatika?"

Nikatazama chini. Nikasema Papa hayupo.

Aliutia ufunguo mfukoni. "Sawa, mama," akasema, na akaenda. Kuitwa mama na mzee wa vile, na heshima ile, kuliniuma kuliko angenitukana.

Sikulala vizuri. Kuongea nilishindwa, kwa hiyo nilifanya ninachoweza. Nilifungua cahier ukurasa wa siku ile, nikaiweka juu ya usukani wa Papa asubuhi, nikaenda shule nikikimbia.

Niliporudi alikuwa ananingoja ndani ya gari. Cahier ilikuwa magotini.

"Panda."

Tulienda mpaka karakana. Kulikuwa na madereva watano pale, wanapiga porojo na wanamchokoza Fundi. Mmoja akapiga kelele, "Hee, panzi imefika! Papa Katungu, umekuja kukazwa?"

Papa hakucheka. Alimshika Fundi mkono mbele yao wote.

"Kazi yako ilikuwa muzuri. Pete haikusogea. Kosa lilitoka nyumbani kwangu, mimi ndiye nililitangaza. Munisikie wote: Paluku alikaza."

Mimi nikatoka nyuma ya Papa. Nikasema maneno matatu tu. "Nilidanganya, Fundi. Pardon." Nadhani ni matatu. Uso ulikuwa unawaka moto.

"Donc, kumbe unajua kuongea," Fundi alisema.

Yule dereva wa porojo akauliza, "Basi nini ilishusha gari?"

Papa akasema, "Batu."

Wakuu, madereva wa Butembo wanacheka mpaka kwenye msiba. Hawakucheka. Mmoja, ambaye anafanya njia ileile, aliokota koti lake akaenda kukaa ndani ya gari yake.

Fundi aliingia chini ya Corolla na latte yangu. Alipima resori zote mbili. Hazikuchoka, hazikuvunjika, zinalingana. Akatoka anapangusa mikono.

"Nishushe ile mizunguko ine? Gari iko mbaya hivi, batoto banakucheka."

"Acha hivyo," Papa alisema. "Bale hawakuwa peke yao njiani siku ile. Na mimi niko napita tena jumatatu."

Mpaka leo nyuma iko juu.

Funzo langu, wakuu. Kwa gari ya zamani chukueni zile zenye pete mbili, musikubali ya kifungo peke yake kama munabeba. Choreni mustari, vernis ya kucha inatosha. Na mustari ukikwambia kitu, mukiseme vile kilivyo, hata kama munaogopa, maana uongo wangu wa dakika moja ulimpata mtu ambaye mikono yake ilikuwa safi. Ingawa, nikiwa mkweli hadi mwisho, Yaya akiwa amelala nyuma vile, sijui kama ningesema tofauti.

Wataalamu wa resori nawaita kwenye uzi huu. Kama kuna sababu ya kiufundi ya gari kushuka mara tatu na kupanda mara tatu, pete zikiwa zimekaza, niandikieni. Nitafurahi sana kuambiwa nimekosea.

Na kama kuna mtu humu alikuwa na ndugu watatu kwenye njia hiyo, mama, mzee mwenye fimbo na mtoto: walifika Butembo. Tuliwaacha kwenye kiwanja cha kanisa, mchana, kulikuwa na watoto wanacheza.